Chensoo Ina Matangi Mawili: Somo la Oili kwa Wanaokwenda Fildi

Nimepitia bajeti kadhaa za miradi ya utafiti ya wenzangu wa misitu, zile za kwenda kuangusha miti ya sampuli na kupima ujazo wake. Nauli ipo. Malipo ya mkata miti yapo. Petroli ya chensoo ipo, tena kwa idadi ya lita. Oili ya cheni haipo. Ukimuuliza mwenye bajeti anakujibu, "Kwani si tunachanganya oili kwenye petroli?" Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili, maana linaonyesha kwamba wengi wetu tunaijua chensoo kwa mlio wake tu.

Na wala somo si la watu wa misitu peke yao. Hapa chuoni tupo wengi tuliotoka Mufindi, Njombe, Makete na Kilolo, kwenye familia zenye shamba la paini au mkaratusi. Wewe unaweza kuwa unasoma uhasibu au mifugo, lakini siku mzee akiamua kuvuna miti yake, simu itakuja kwako: "Mwanangu, wewe ndiye msomi, njoo usimamie." Utafika shambani, utamkuta mkata miti na mashine yake, na wewe ndiye mwenye hela ya matumizi. Siku hiyo utaamua mambo mengi, na mojawapo ni kama cheni itazunguka ikiwa na oili au ikiwa kavu. Anayelipia uamuzi huo kwa mwili wake ni yule aliyeshika mashine.

Oili mbili, kazi mbili

Chensoo ya petroli ina matangi mawili na vifuniko viwili. Tuanze na tangi la petroli. Injini ya chensoo ni ya tuu-stroki, haina sampo ya oili kama gari. Kwa hiyo oili yake ya kulainisha pistoni huchanganywa kwenye petroli. Mashine nyingi za sasa hutumia uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili ya tuu-stroki kwa kila lita moja ya petroli. Dumu la lita 5 linataka mililita 100. Oili hiyo inaingia kwenye injini, inalainisha, inaungua, na mabaki yake yanatokea kwenye ekzosi. Hakuna hata tone moja linalofika kwenye cheni.

Tangi la pili ni la oili ya cheni na baa. Baa (siyo ile ya kunywea) ni lile bapa refu la chuma ambalo cheni inalizunguka. Pembeni mwake, kuanzia shingoni hadi puani na kurudi, kuna mfereji mwembamba. Ukiitazama cheni kwa upande wa chini utaona vipande vyenye ncha vinavyoning'inia. Hivyo ndivyo vinavyokaa ndani ya mfereji na kusukumwa na sproketi. Kwa hiyo cheni haielei hewani, ni chuma kinachosuguana na chuma kwa urefu wote wa baa, juu na chini.

Sasa piga hesabu kidogo. Chukua baa ya inchi 20, yenye cheni ya urefu wa mita 1.37 hivi. Mashine ikiwa kazini, cheni hukimbia mita 20 kwa sekunde au zaidi. Mita 20 kwa sekunde ni kilomita 72 kwa saa, mwendo wa basi kwenye barabara kuu. Kwa mwendo huo cheni yako inaizunguka baa zaidi ya mara 14 kila sekunde, zaidi ya mara 800 kwa dakika. Na humo ndani ya cheni kuna riveti nyingi, kila moja ni kiungo kinachokunjwa na kunyooshwa kila kinapopita puani na kwenye sproketi. Sehemu zote hizo zinategemea tangi dogo ambalo bajeti yako haikulikumbuka.

Safari ya tone la oili

Ukielewa oili inapita wapi, huhitaji kukariri matatizo, utayatafuta mwenyewe kwa kufuata njia.

Oili inaanzia kwenye tangi, inanyonywa kupitia kichujio kidogo kilichomo humo ndani, inaingia kwenye pampu. Pampu hiyo huendeshwa na mashine yenyewe, na kwenye chensoo nyingi za kisasa inafanya kazi pale tu cheni inapozunguka. Ndiyo maana mashine ikiwa inanguruma bila kuzungusha cheni hutaona oili ikitoka, na hiyo si hitilafu. Kutoka kwenye pampu, oili inatokea kwenye tundu lililo ubavuni mwa mashine, pale baa inapofungwa. Baa nayo ina tundu lake dogo linalotazamana na lile la mashine. Oili ikipenya hapo inadondokea kwenye mfereji, na vile vipande vyenye ncha vinaichota na kuisafirisha hadi puani, kisha kurudi.

Halafu inakwenda wapi? Inamwagika. Hapa ndipo wengi hawajui. Kwenye gari oili inazunguka na kurudi kwenye sampo. Kwenye chensoo hairudi. Kila tone linalolainisha baa linaishia kwenye maranda, kwenye gogo, kwenye udongo, na kwenye suruali ya opereta. Mashine imetengenezwa hivyo makusudi. Kwa hiyo oili ya cheni haibadilishwi kila baada ya miezi kadhaa, ni matumizi ya kila siku kama petroli.

Kipimo cha matangi mawili

Watengenezaji wamepanga ukubwa wa matangi haya kwa akili. Kwenye chensoo nyingi za ukubwa wa kati, tangi la oili ni kama nusu ya tangi la petroli, na pampu imepangwa ili petroli iishe kwanza huku oili ikiwa imebaki kidogo. Maana yake injini itazima yenyewe kabla cheni haijakauka. Na kanuni inayofuata ni fupi: kila unapojaza petroli, jaza na oili, hata kama unaona bado ipo.

Kabla ya kujaza, chungulia tangi la oili. Hicho ndicho kipimo cha bure kuliko vyote, na kina majibu matatu.

Petroli imeisha na oili imebaki kidogo chini: mambo ni mazuri, jaza vyote viwili uendelee.

Petroli imeisha na oili bado imejaa au imepungua kwa kiasi cha kijiko: oili haitoki. Usiendelee kukata. Kuna mahali njia imeziba.

Oili imeisha na petroli bado ipo: ama pampu imefunguliwa kupita kiasi, ama kuna mahali panavuja, ama opereta alijaza petroli mara mbili na oili mara moja. Vyovyote iwavyo, kuna dakika ambazo cheni imezunguka kavu.

Kipimo hichohicho ndicho cha bajeti. Kama tangi la oili ni nusu ya tangi la petroli, basi kila lita 5 za petroli zinaweza kwenda na oili ya cheni hadi lita 2 na nusu. Ukiona watu wanaingia msituni na dumu la lita 5 la petroli na chupa ya nusu lita ya oili, hesabu haijakaa sawa. Ama watarudi mapema, ama watakata kavu, ama watatia kitu kingine humo ndani. Hicho kitu kingine nitakifikia.

Kujua kama oili inafika puani

Tangi kupungua ni dalili nzuri, lakini oili inaweza kuwa inavujia pembeni bila kufika kwenye cheni. Kwa hiyo kila asubuhi, na kila baada ya kufungua na kufunga baa, fanya jaribio hili. Washa mashine, ishike kwa mikono miwili, elekeza pua ya baa kwenye kitu cheupe, kwa mfano kisiki kilichokatwa karibuni au kipande cha gazeti kilichowekwa juu ya gogo. Acha nafasi ya sentimita 20 hivi. Pua isiguse kitu chochote, maana chensoo ikigusa kwa pua hurushwa kuelekea kwa aliyeishika. Kisha vuta mafuta hadi kama nusu na uhesabu polepole. Ndani ya muda mfupi unapaswa kuona mstari wa matone ya oili ukichorwa pale. Ukiuona, nenda kazini. Usipouona, zima.

Mzee mmoja mkata miti niliyemkuta fildi alinifundisha kuongeza jambo moja. Nilimwamkia, nikakaa pembeni nikimwangalia. Alipomaliza jaribio lake akapitisha kidole juu ya upande wa baa, mashine ikiwa imezimwa. "Angalia, mwanangu," akasema, "oili ikiwepo kidole kinateleza, ikikosekana kidole kinapata unga." Nimekitumia kidole hicho mara nyingi tangu siku ile, ila na glavu.

Moshi una sababu mbili

Baa inapotoa moshi, wengi huongeza oili tu. Tazama kwanza kinachotoka chini ya mti. Cheni kali hutoa maranda, vipande vinavyoonekana kwa macho. Cheni butu hutoa unga laini kama wa ngano. Ukiona unga, tatizo la kwanza ni meno: chukua tupa unoe. Ukiona maranda mazuri na bado moshi unatoka na harufu ya chuma kilichoungua, hapo tatizo ni oili.

Mara nyingi yote mawili huja pamoja, na moja huliita lingine. Cheni kavu hupata moto, na chuma kikipata moto hutanuka, kwa hiyo cheni inalegea. Opereta anaikaza. Inalegea tena, anaikaza tena. Kila mara anapokaza, msuguano unaongezeka na moto unaongezeka. Meno yaliyopata moto hivyo hupoteza ukali haraka. Sasa mashine haikati kwa uzito wake tena, inabidi aisukume kwa nguvu za mabega. Mtu anayesukuma chensoo kwa nguvu hana tena nafasi ya kuirudisha ikiruka. Cheni iliyolegea inaweza kuchomoka kwenye baa, na iliyochakaa kwenye riveti inaweza kukatika, ncha yake ikapiga kama mjeledi. Chini ya mashine kuna kidaka cheni kilichowekwa kwa ajili ya siku hiyo. Kikague kama bado kipo, maana mara nyingine kimevunjika na hakuna aliyekirudisha.

Dalili nyingine za ukavu ni hizi: rangi ya buluu kwenye kingo za baa, ambayo maana yake chuma kimeshaungua, cheni isiyosogea kwa mkono mashine ikiwa imezimwa, ingawa haijakazwa kupita kiasi, na cheni inayohitaji kukazwa kila baada ya dakika chache. Mkononi mwa anayeisimamia kazi, yoyote kati ya hizo inatosha kusimamisha mashine.

Oili isipotoka: anza na kisicho na gharama

Mafundi wengi wa mjini ukiwapelekea chensoo isiyotoa oili watakuambia pampu imekufa. Inawezekana. Lakini pampu ndiyo ya mwisho kwenye orodha. Kabla hujafika huko, zima mashine, chomoa kifuniko cha plagi, vaa glavu, kisha fuata njia ileile ya tone la oili, ukianza na sehemu zilizo rahisi kufikia.

Kwanza, angalia tangi. Lina oili kweli? Inachekesha, lakini ndiyo sababu inayotokea zaidi.

Pili, fungua baa. Chukua waya mwembamba uzibue lile tundu dogo la oili kwenye baa, yote mawili, la juu na la chini. Unga wa mbao uliochanganyika na oili hugeuka kuwa kitu kama udongo wa mfinyanzi, na hapo ndipo unapopenda kukaa.

Tatu, kwangua mfereji wa baa kuanzia shingoni hadi puani. Kipande chembamba cha bati au ubapa wa bisibisi ndogo kinatosha. Mfereji ukijaa uchafu, oili haina pa kupita.

Nne, futa tundu la mashine pale baa inapokaa, pamoja na eneo lote linalozunguka sproketi.

Tano, tafuta skrubu ya kurekebisha oili, ambayo kwenye mashine nyingi iko upande wa chini. Huenda mtu aliifunga ili "kubana matumizi". Zingatia kwamba baa ndefu inataka oili nyingi kuliko fupi, na mti mgumu uliokauka, kama mkaratusi wa siku nyingi, unataka zaidi kuliko paini mbichi. Si mashine zote zenye skrubu hii. Ndogo nyingi hazina.

Sita, safisha tangi na kichujio chake. Mimina oili iliyomo, suuza kwa petroli kidogo mahali pasipo na moto, tia oili safi.

Ukifika hapa na bado hakuna kitu, sasa mpelekee fundi na mwambie umeshafanya nini. Hatakuuzia pampu kwa urahisi.

Ukirudisha baa, igeuze: upande uliokuwa juu uwe chini. Cheni hulalia zaidi upande unaokatia, kwa hiyo usipoigeuza itaisha upande mmoja. Kama kingo za mfereji zimechomoza ncha kali, ziondoe kwa tupa bapa. Cheni mpya iloweke kwenye oili usiku kucha ili riveti zinywe, kisha iendeshe taratibu dakika 2 au 3 bila kukata, ipoe, uikaze upya. Na jioni ukimaliza kazi, ilegeze kidogo. Cheni iliyokazwa ikiwa ya moto hujikunja inapopoa, na ikavuta baa na ekseli ya mashine usiku kucha.

Oili chafu

Sasa nije kwenye kile kitu kingine kinachotiwa kwenye tangi. Sote tunakijua. Ni oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye magari na pikipiki gereji. Ni ya bure au ya bei ya kutupa, ni nyeusi, na ukiitia kwenye chensoo, mashine haikatai. Hoja ya wanaoitumia ni kwamba oili ya cheni inamwagika tu, kwa nini umwage kitu cha hela?

Hoja hiyo ina akili ndani yake, kwa hiyo tuijibu kwa akili pia.

Oili ya cheni ina kinata. Ukiishika kati ya vidole viwili na kuviachanisha inavutika kama asali. Kinata hicho ndicho kinachoifanya isirushwe yote cheni inapopinda puani kwa kasi ile. Oili ya injini, hata mpya, haina kinata hicho. Oili mpya ya injini ya SAE 30 inaweza kukuvusha siku ambayo huna nyingine, lakini itarushwa haraka, na puani patakauka kwanza. Oili chafu ni mbaya zaidi, kwa sababu imeshachoka: imechanganyika na masizi, chembe za chuma zilizosagika ndani ya injini, na pengine petroli na maji. Kwa hiyo unatia chembe za chuma mahali ambapo unataka kuzuia chuma kisisuguane. Chembe hizo hupita kwenye pampu kwanza, na pampu ndiyo ile uliyoambiwa imekufa.

Hilo ni la mashine. La mtu ni zito zaidi. Cheni inarusha oili siku nzima, mbele ya uso na juu ya mikono ya anayekata. Vitabu vya maelekezo vya Stihl vinakataza oili chafu na kueleza sababu: kuguswa nayo ngozini mara kwa mara kunaweza kuleta saratani ya ngozi. Opereta haguswi nayo mara moja kwa mwezi kama wewe unayemwaga oili ya pikipiki. Inamlowesha kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha anakula chakula cha mchana kwa mikono ileile, tena msituni maji ya kunawa ni ya kubeba kwenye dumu.

Na la tatu ni la udongo na maji. Tumeshasema oili yote inamwagika. Sisi tunaosoma chini ya Uluguru tunapaswa kulielewa hili bila kufundishwa. Maji yanayoshuka milima hii ndiyo yanayoingia Ngerengere na bwawa la Mindu linalolisha mji wa Morogoro, na upande mwingine ndiyo yanayojaza Ruvu, ambao Dar es Salaam inaunywa. Kinachomwagwa kwenye mteremko hakibaki kwenye mteremko. Austria, nchi ya milima na misitu, ilipiga marufuku oili za cheni zinazotokana na petroli ya ardhini tangu miaka ya 1990, wakahamia kwenye oili za mimea.

Hapo kuna swali ambalo watu huniuliza: basi si tutumie alizeti, tunayo tele? Oili za cheni za mimea zipo madukani katika nchi hizo, nyingi zinatokana na mbegu za rapa, na zimewekewa viungo vya kuzisaidia. Mafuta ya kula ya kawaida yanalainisha vizuri siku ile ya kazi, lakini yana tabia ya kuganda. Ukimaliza kazi na kuiacha chensoo wiki kadhaa, mafuta yaliyobaki kwenye riveti, mfereji na pampu yanageuka gundi, na cheni inakataa kusogea. Ukilazimika kuyatumia, yatumie kwa mashine inayofanya kazi kila siku, na kabla ya kuiweka stoo iendeshe dakika kadhaa kwa oili ya cheni ya kawaida. Na jambo moja zaidi kwa wa Mufindi: asubuhi za Juni na Julai baridi ya kule huifanya oili nzito isitembee. Tumia nyepesi kidogo msimu huo, au acha dumu juani kabla ya kujaza. Juani, nimesema, si karibu na moto.

Nani anayenunua oili?

Baada ya yote haya unaweza kudhani tatizo ni elimu tu, kwamba wakata miti hawajui. Wengi wanajua kuliko mimi na wewe. Yule mzee wa kidole alikuwa anajua kila kitu nilichoandika hapa bila kuwa na cheti chochote. Nilipomuuliza kwa nini basi dumu lake lilikuwa na oili chafu, alinijibu kwa sentensi moja: "Oili ananunua tajiri."

Fikiri juu ya hilo. Kwenye kazi nyingi za kuvuna mashamba ya watu binafsi, mashine ni ya tajiri, petroli na oili ni za tajiri, na opereta analipwa kwa idadi ya miti au magogo. Petroli tajiri hawezi kuibana, maana bila petroli mashine haiwaki. Oili anaweza kuibana, maana bila oili mashine bado inawaka na miti bado inaanguka. Hela aliyoibana anaiona leo. Baa iliyoungua ataiona baada ya miezi, na atasema ni bidhaa feki. Opereta naye anapoteza leo leo: muda wa kunoa, muda wa kukaza, nguvu za mabega, na ngozi. Hakuna risiti inayoonyesha vitu hivyo, kwa hiyo havimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Ndiyo maana nasema jambo hili ni letu. Miaka miwili mitatu ijayo baadhi yetu tutakuwa maofisa misitu, wasimamizi wa mashamba, mabwana hesabu wa kampuni za mbao, au watoto tu wa mzee mwenye ekari tano za paini. Tutakuwa upande wa tajiri, hata kama mfukoni bado ni mambo ya bumu. Na upande huo una kazi tatu ambazo si ngumu.

Ya kwanza, andika oili ya cheni kwenye bajeti kama mstari unaojitegemea, nusu ya lita za petroli, na oili ya tuu-stroki iwe na mstari wake. Msimamizi wako wa utafiti akiuliza ni ya nini, mwonyeshe hesabu ya matangi mawili.

Ya pili, kabla ya kukubaliana na mwenye chensoo bei ya kazi, uliza nani analeta oili na ni ipi. Ukikubali bei ya chini ukijua ndani yake kuna oili chafu, umeinunua wewe. Kama analeta yeye, mwambie afungue dumu uione. Oili safi ya cheni inapitisha mwanga na inavutika kidoleni. Nyeusi tii yenye harufu ya gereji inajieleza yenyewe.

Ya tatu, ukiwa msimamizi, kaa karibu wakati wa kujaza. Hakikisha mashine imezimwa na imepoa kidogo, eneo ni safi, vifuniko vyote viwili vimefutwa kabla ya kufunguliwa ili unga usiingie, na matangi yote mawili yanajazwa. Kisha mashine isogezwe angalau mita 3 kutoka pale ilipojazwa ndipo iwashwe, hasa kiangazi, kwenye sindano kavu za paini. Chungulia tangi la oili kabla halijajazwa. Ukikuta halijapungua, simamisha kazi wewe mwenyewe, kwa sababu wewe unaweza. Anayelipwa kwa idadi ya miti akisimama anapoteza hela. Wewe ukisimamisha, mwambie dakika za kuzibua zimo kwenye malipo yake, na ziwemo kweli.